Mcheza Kwao Hutunzwa: Mwigizaji wa Kike na Deni la Hadhira

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufundishwa mashuleni kila mwaka, na karibu kila mwanafunzi aweza kuieleza: mtu atendaye jambo jema kwao hupata shukrani za watu wake. Lakini msomaji aliyekulia Bagamoyo, Mlingotini, Saadani au Kunduchi ajua kwamba neno kutunza lina matumizi mawili. Kwanza, kutunza ni kumpa zawadi mchezaji akiwa ngomani: mtu hutoka katika mduara, akamsogelea mwimbaji, akambandika noti kwenye paji la uso au kumwekea mkononi, watu wakapiga vigelegele. Pili, kutunza ni kuhifadhi na kulea, yaani kukiangalia kitu kisiharibike. Tunza ya kwanza humalizika usiku ule ule, taa zinapozimwa. Tunza ya pili huchukua umri mzima.

Katika insha hii tutajaribu kuuliza kama jamii yetu, ambayo ni hodari sana kwa tunza ya kwanza, imeijua ile ya pili. Mfano wetu mkubwa utakuwa Amandina Lihamba, mwigizaji, mwandishi na mwalimu wa sanaa za maonyesho. Tutazitazama kazi zake kama mtu atazamavyo maisha yaliyokwisha kupevuka, kwa kuwa mwigizaji wa siku nyingi hutafakari maisha yake hata pale asipoandika tawasifu: hutafakari kwa nafasi anazozikubali, kwa michezo anayoitunga, na kwa watu anaowafundisha. Baada ya hapo tutasema neno juu ya waigizaji wengine wa pwani ambao hawakuacha kitabu hata kimoja.

Wako wanaodhani kwamba mwanamke alianza kupanda jukwaani baada ya Uhuru. Dhana hii si sahihi. Katika pwani yetu, mwanamke alikuwa msanii wa maonyesho kabla hatujajua neno jukwaa. Katika unyago, kungwi alifundisha kwa nyimbo, kwa maigizo na kwa sanamu za udongo. Alikuwa mwalimu, mwigizaji na mkurugenzi kwa wakati mmoja. Katika lelemama, wanawake wa miji ya pwani waliunda vyama vyenye viongozi wake, sare zake na mashindano yake, na mwimbaji aliyejua kumpiga mafumbo mpinzani aliheshimiwa kama mwanasheria hodari. Si jambo la bahati kwamba Bibi Titi Mohamed, kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba huko Dar es Salaam. Vikundi vya ngoma ndivyo vilivyokuwa njia ya kuwafikia wanawake wengi, na sauti iliyozoea kuongoza wimbo haikutetemeka ilipopewa mkutano wa hadhara.

Shule ya kikoloni haikuuona ufundi huo. Yenyewe ilileta mchezo wa kuigiza uliokwisha kuandikwa, wenye ukumbi, pazia na wahusika wa mbali. Na katika shule za wavulana, wavulana wenyewe ndio waliovaa mavazi ya kike. Hivyo tukapata mambo mawili yaliyotengana. Upande mmoja palikuwa na tamthilia, iliyohesabiwa kuwa elimu. Upande wa pili palikuwa na ngoma, iliyohesabiwa kuwa mchezo wa wasiosoma. Mwanamke aliyekuwa bingwa wa upande wa pili hakualikwa upande wa kwanza; na yule aliyethubutu kupanda jukwaa la kukata tiketi aliitwa mhuni. Tuseme kweli: jina hilo halikutoka kwa wakoloni peke yao. Lilitoka pia vinywani mwa baba zetu na mama zetu, ambao walimtunza mwimbaji usiku na kumkataza binti yao asimsalimu asubuhi.

Taifa huru lilijaribu kuuziba ufa huo. Mwaka 1962 iliundwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika miaka iliyofuata vikaundwa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na michezo ya kuigiza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwaka 1967. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na baadhi ya wasanii wa vikundi hivyo wakawa walimu wake. Mwaka 2007 chuo hicho kikawa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Sisi tulikuwa wanafunzi wa sekondari katika miaka ya 1980, na tunakumbuka tulivyoshangaa tulipoona kwa mara ya kwanza mwanamke mtu mzima akipiga ngoma, akigeuka mzee wa baraza, kisha akigeuka mtoto, bila kubadili nguo na bila kuteremsha pazia. Kabla ya siku hiyo tuliijua tamthilia kama kitabu cha kujibia mtihani.

Sasa tumtazame Lihamba. Alizaliwa mwaka 1944, na kwa hiyo ni wa kizazi kilichozaliwa katika ukoloni kikafanya kazi katika Uhuru. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi akawa profesa; na mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na tamthilia nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huo huo wa 1985 alionekana katika filamu fupi iitwayo Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill kwa ushirikiano na Shirika la Filamu Tanzania. Msomaji na alishike jambo hili: mwaka mmoja, mtu mmoja, tasnifu upande huu na uigizaji upande huu. Ule utengano wa elimu na mchezo tuliousema hapo juu uliondolewa katika mwili wa mwanamke mmoja.

Katika Arusi ya Mariamu, Lihamba ni Mariamu, mke anayeteswa na maradhi ambayo hospitali haikuyaweza. Mumewe anataka wamwendee mganga wa jadi. Yeye anaogopa, na hofu yake ina mizizi katika kumbukumbu za utotoni. Dhamira ya filamu hii yafahamika: ni mgongano wa tiba ya kisasa na tiba ya jadi, na suluhu baina yao. Lakini mhakiki akiishia kwenye dhamira atakuwa hakuitazama filamu. Kilicho kikubwa ndani yake ni namna Mariamu anavyoogopa. Hofu ya mwigizaji mchanga ni ya macho na mayowe. Hofu ya Mariamu imo mabegani na mikononi, na mtazamaji aipata kabla haijasemwa.

Baada ya miaka mingi, Lihamba alicheza nafasi nyingine ya mgonjwa. Filamu hii yaitwa Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill, na mwaka 2001 ndiyo iliyopelekwa na Tanzania kugombea tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Humo Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Daktari Asira, Mmarekani mweusi anayechezwa na Barbara-O, anakuja kumtibu, na katika kumtibu anajikuta naye ana jeraha lake. Kati yao yupo Maangamizi, mzimu wa kale, aliyechezwa na Mwanajuma Ali Hassan.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno la uhakiki ambalo pengine halitawafurahisha wote. Nafasi hizi mbili za Lihamba katika filamu zimechezwa kwa ufundi mkubwa. Lakini nafasi zenyewe ni zipi? Ya kwanza ni mgonjwa. Ya pili ni mgonjwa asiyesema. Mwigizaji aliyeijua sauti yake na aliyewafundisha wengine kuitumia sauti, filamu zilipomtaka zilimtaka aumwe na anyamaze. Hatusemi kwamba waongozaji walikosea kuonyesha maumivu ya mwanamke. Maumivu hayo yapo, na katika Maangamizi ukimya wa Samehe una sababu nzito na mwisho wake una maana. Tunachosema ni kwamba jamii yetu humwonea huruma mwanamke anayeumwa upesi zaidi kuliko inavyomsikiliza mwanamke mzima anayesema. Mwandishi wa filamu huijua tabia hiyo ya hadhira, naye huitumia.

Ili tumpate Lihamba anayesema, hatuna budi kutoka katika filamu twende kwenye tamthilia na kazi za vijijini, ambako yeye mwenyewe alikuwa na mamlaka ya kuamua. Mwaka 1980 ilitoka tamthilia yake Hawala ya Fedha, aliyoitunga kutokana na kisa cha Sembene Ousmane wa Senegali. Mwaka 1982 ilitoka Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kazi hii ya pili ni somo kubwa la fani. Haina mhusika mmoja mkuu wa kumfuata toka mwanzo hadi mwisho. Badala yake ina masimulizi, nyimbo na ngoma, na historia inapita mbele ya hadhira kama inavyopita katika mduara wa kijiji. Wanawake watatu waliandika historia ya taifa, na waliiandika kwa fani ya ngomani. Wengine wataiona kasoro kwamba hatuwazoei wahusika wake kwa undani, na kasoro hiyo ipo. Hata hivyo tusiipime ngoma kwa kipimo cha riwaya.

Katika miaka ya 1980 hiyo hiyo, Lihamba, Penina Muhando na wenzao walikwenda kufanya kazi na vijana wa Malya mkoani Mwanza. Huko michezo haikuletwa kutoka mjini. Wanakijiji walitafuta matatizo yao wenyewe, wakayaigiza kwa ngoma zao wenyewe, kisha wakayajadili. Kazi za namna hiyo zilifanyika pia Bagamoyo na katika kijiji cha Msoga, katika eneo la Wakwere. Na mwaka 1996 ukaanzishwa mpango wa Tuseme, uliowawezesha wasichana wa sekondari kutumia maigizo, nyimbo na mijadala kuyataja yale yanayowazuia kusoma. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka na kuingia katika shule za nchi nyingine za Afrika. Tuyaweke majina mawili pamoja: Samehe, na Tuseme. Mwigizaji aliyepewa nafasi ya kunyamaza katika filamu alikwisha kushiriki kuwajengea maelfu ya wasichana nafasi ya kusema. Hiyo ndiyo tafakuri yake juu ya kazi yake, nayo imeandikwa katika vitendo.

Turudi sasa kwenye Hawala ya Fedha, kwa kuwa ina neno linalotugusa sisi tulioajiriwa serikalini. Kisa cha Sembene ni cha mzee aliyetumiwa hawala kutoka Ufaransa. Fedha ni halali, zipo, na jina lake limeandikwa. Lakini kila dirisha analofika anaambiwa alete karatasi ambayo hawezi kuipata mpaka apate kwanza karatasi nyingine. Mwishowe anatapeliwa. Tuliisoma tamthilia ya Lihamba tukiwa vijana, tukacheka. Tukidhani kwamba tunamcheka karani.

Miaka mingi baadaye sisi ndio tuliokuwa karani. Siku moja alifika mbele ya meza yetu bibi mmoja kutoka pwani ya kaskazini, aliyekuwa mchezaji na mwigizaji katika ujana wake. Alitusalimu kwa kutuita mwanangu, nasi tukampa shikamoo yake. Alikuja kuuliza kama yako malipo yoyote yanayomstahili kwa miaka aliyocheza. Tulimwuliza barua ya ajira, hakuwa nayo. Tulimwuliza picha, programu ya onyesho, au karatasi yoyote yenye jina lake, hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni nyimbo. Akasimama pale pale, akaturudishia kwa mwili wake onyesho alilolicheza mbele ya wageni wa taifa, hatua kwa hatua, pamoja na sehemu za wenzake waliokwisha kufa. Ofisi nzima iliacha kazi ikatazama. Tulipiga makofi. Mmoja wetu akatoa noti akamtunza. Kisha tukamwambia arudi wiki ijayo na vielelezo.

Hakurudi. Tulipata habari zake baadaye, alipokwisha kuzikwa. Hatuitaji ofisi hiyo, kwa sababu kosa halikuwa la jengo. Lilikuwa letu sisi tulioketi. Tulikuwa tumeona ushahidi wote uliohitajika, tukautunza kwa noti moja, tukaendelea kuomba karatasi. Ndipo tulipoelewa kwamba mzee wa Sembene na wa Lihamba hakuandikwa ili tumcheke.

Jambo hili latufikisha kwenye udhaifu wa insha hii yenyewe. Tumeweza kuandika juu ya Amandina Lihamba kwa kuwa ana vitabu, tasnifu na filamu. Tarehe zake zapatikana. Hatuwezi kuandika hivyo juu ya yule bibi. Wala haifai kuwapambanisha wanawake hawa wawili, kana kwamba mmoja ni msomi na mwingine si msomi. Harakati za Ukombozi isingeandikika bila ya ngoma za mabibi kama yule. Na wao wasingepata heshima katika vyumba vya madarasa bila ya wasomi walioipeleka ngoma huko. Walikuwa wakifanya kazi moja. Tofauti ni kwamba mmoja aliacha karatasi, na sisi hutunza karatasi.

Na hata karatasi na majengo si ngome. Mwaka 2002 jumba la maonyesho la Chuo cha Sanaa Bagamoyo liliungua. Taifa lilipata jumba jipya, kubwa na la kisasa, kwa msaada wa marafiki. Jumba hujengwa tena. Mwigizaji akiondoka na onyesho lake kichwani, hakuna mfadhili wa kulijenga upya.

Wako watakaosema kwamba sheria ipo. Ni kweli: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, si mtunzi peke yake. Tena tangu televisheni zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, nyuso za waigizaji wetu wanawake zimejulikana mpaka vijijini. Kikundi cha Kaole, chenye jina lile lile la magofu yaliyo jirani na Bagamoyo, kiliwafanya watazamaji wawaite waigizaji kwa majina ya michezoni kama ndugu zao. Lakini kujulikana si kutunzwa. Sheria humlinda anayejua kwamba anayo haki na aliye na kumbukumbu za kuithibitisha. Kabla ya sheria kufanya kazi, lazima pawe na watu wanaoandika nani alicheza nini, lini na wapi.

Kazi hii yaweza kuanzia shuleni, na kwa hiyo tunawageukia walimu na wanafunzi. Kwanza, tamthilia isomwe kwa kuchezwa. Mwanafunzi aliyejaribu kusimama mbele ya wenzake na kunyamaza kama Samehe kwa dakika tano, hali wote wakimtazama, atajua zaidi juu ya uigizaji kuliko aliyekariri dhamira kumi. Pili, mwalimu anapofundisha fani na maudhui, aulize swali la tatu: nani aliucheza mchezo huu? Jina la mwigizaji liandikwe ubaoni kando ya jina la mwandishi. Tatu, kila shule ya pwani, na ya bara vilevile, inaweza kumtafuta mzee mmoja wa kike aliyecheza ngoma au mchezo wa kuigiza, ikamwandika: jina lake, kikundi chake, mwaka, nyimbo na hatua. Simu za leo hunasa sauti na picha. Aulizwe kwanza ridhaa yake, kwa kuwa yako ya unyago yasiyosemwa hadharani. Na kilichoandikwa asomewe, apewe nakala yenye jina lake.

Nakala hiyo ndiyo karatasi aliyoikosa yule bibi. Pengine isingempatia fedha. Lakini angekuja mezani petu na kitu mkononi, na karani aliyekuwa mvivu wa kuamini macho yake asingepata pa kujifichia.

Wahenga hawakukosea waliposema mcheza kwao hutunzwa. Ila hawakusema ni nani atakayemtunza. Walituachia sisi tulioketi katika mduara sehemu hiyo ya methali tuikamilishe, nasi tumekuwa tukitoa noti na kurudi kukaa.